Kuendesha ruta ya CNC kwa Linux ya muda halisi: mwongozo kamili wa LinuxCNC, kuanzia BIOS hadi geji ya saa

Mota ya hatua inatii mapigo ya umeme tu. Kila pigo likifika, rota inasogea kipande kidogo cha mzunguko. Mapigo yakija kwa nafasi sawa, mota inazunguka kwa utulivu. Pigo moja likichelewa na linalofuata likiwahi, rota inatakiwa ipunguze mwendo kisha iongeze ghafla. Katika mwendo wa polepole huoni tofauti. Katika mwendo wa kasi, ambako nguvu ya mota imeshapungua, rota inashindwa kufuata na kazi inaharibika.

Hapo ndipo mfumo endeshi wa kawaida unapokwama. Windows au Linux ya dukani inaweza kuwahi mara milioni moja, halafu ikachelewa milisekunde nzima kwa sababu kadi ya video ilitaka kitu. Kerneli (sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi) ya muda halisi haiongezi kasi ya kompyuta. Kazi nyingine huenda zikawa nzito kidogo. Inachokupa ni kikomo: kazi iliyopangiwa kuamka kila maikrosekunde 30 itaamka ndani ya mchelewo unaojulikana, hata mtu akiwa anakili faili pembeni. Kwa hiyo katika mwongozo huu wote namba tunayoisaka ni mchelewo mbaya kuliko wote. Wastani hausaidii kitu, maana ukataji hauharibiwi na wastani.

Tunatumia mfano mmoja kamili: ruta ya mihimili mitatu yenye mota za NEMA 23 (jina la ukubwa wa uso wa mota), draiva aina ya DM542 (kisanduku kinachogeuza mapigo kuwa umeme wa mota), skrubu za gololi zenye hatua ya mm 5 (meza husogea mm 5 kwa kila mzunguko), na LinuxCNC 2.9, programu inayoongoza mashine, juu ya Debian 12. LinuxCNC ilitokana na mradi wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani. Zamani ilihitaji kerneli ya RTAI. Siku hizi PREEMPT_RT, sehemu ya Linux inayoleta muda halisi, inatosha kwa mashine nyingi, na tangu Linux 6.12 ya mwaka 2024 sehemu hiyo imo ndani ya kerneli rasmi.

Kuchagua kompyuta

Kompyuta ya mezani ya ofisini, ya mtumba, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei. Unataka kiini mbili au nne, RAM ya GB 4 au zaidi, video ya Intel iliyomo kwenye ubao, na poti ya printa ya pini 25. Mashine za enzi ya Dell OptiPlex 780 zina poti hiyo. Kama haipo, kadi ya PCI au PCIe inafaa. Kebo ya kugeuza USB kuwa poti ya printa haifai kabisa, hata kama muuzaji anaapa: USB inasafirisha data kwa mafungu na haina ahadi ya muda kwa kila pini.

Kompyuta mpakato iache. BIOS yake hushughulikia betri, feni na joto kwa kuisimamisha CPU kimyakimya, na kerneli haina uwezo wa kulizuia hilo. Kadi za Nvidia zenye draiva ya kampuni nazo ni chanzo kinachojulikana cha michelewo mikubwa. Ichomoe, tumia video ya ubao.

BIOS kabla ya kitu kingine

Ingia BIOS uzime hivi: Hyper-Threading, SpeedStep, Turbo Boost, C-states zote pamoja na C1E, na kila kitu chenye maneno ya kuokoa umeme. Zima pia msaada wa USB wa kizamani, ule unaoitwa USB Legacy Support, lakini hakikisha kwanza kibodi inafanya kazi ndani ya Linux. Poti ya printa iweke EPP, anwani 0x378.

CPU inapolala kuokoa umeme, kuamka kunaichukua muda. Inapobadilisha kasi ya saa yake, muda unapotea tena. Kwa kompyuta ya kuandikia barua hilo ni jambo jema, lakini kwa uzi (kazi inayojirudia ndani ya programu) unaotakiwa kuamka mara elfu 33 kwa sekunde ni hasara tupu.

Kusakinisha

Njia fupi ni faili la ISO la LinuxCNC lenye Debian 12 ndani. Liandike kwenye flashi na usakinishe. Kama Debian 12 tayari ipo:

sudo apt update
sudo apt install linux-image-rt-amd64 linuxcnc-uspace rt-tests stress-ng

Washa upya, kisha uliza ni kerneli ipi inayoendesha:

uname -v

Jibu lazima liwe na PREEMPT_RT. Likikosekana, GRUB, programu inayoiwasha Linux, imechagua kerneli ya kawaida. LinuxCNC itafunguka hata hivyo, na kwenye terminali itaandika "Note: Using POSIX non-realtime". Watu wengi hawausomi mstari huo, halafu wanahangaika na mota wiki nzima.

Sasa tenga kiini kimoja kwa ajili ya mashine. Kwa CPU yenye kiini nne, zinazohesabiwa 0 hadi 3, fungua /etc/default/grub na uandike:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet isolcpus=3 intel_idle.max_cstate=1 processor.max_cstate=1"

Halafu sudo update-grub, na uwashe upya. LinuxCNC huziweka nyuzi zake za muda halisi kwenye kiini cha namba ya juu kabisa, kwa hiyo zitaangukia hapo ulipopasafisha. Kwa CPU ya kiini mbili andika isolcpus=1. Ukiona mchelewo bado ni mkubwa, ongeza idle=poll ili CPU isilale hata kidogo. Itakula umeme na kuzidi joto, hivyo kagua feni na ubadilishe ute wa kupoozea kama umekauka.

Kupima mchelewo kwa ukali

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utanunua kadi ya ziada au la, kwa hiyo usiifanye kwa dakika tano. Fungua terminali:

latency-histogram

au, kama unataka namba tupu:

latency-test 30000 1000000

Hapo unapima nyuzi mbili: ya haraka, ya nanosekunde 30,000, na ya taratibu, ya nanosekunde 1,000,000. Safu ya kuangalia ni Max Jitter, yaani mchelewo mbaya kuliko wote.

Kisha itese kompyuta. Fungua glxgears nne kwa pamoja. Endesha stress-ng --cpu 3 --vm 1 --vm-bytes 512M --hdd 1 --timeout 2h. Nakili faili la GB kadhaa kutoka flashi. Chomeka na kuchomoa flashi. Buruta dirisha huku na huko. Fungua kivinjari. Halafu iache usiku kucha. Baadhi ya michelewo mikubwa hujitokeza mara moja kwa saa kadhaa, na hiyo hiyo mara moja inatosha kuharibu mbao ya mteja.

Soma matokeo hivi:

Chini ya maikrosekunde 20, yaani nanosekunde 20,000: kompyuta ni nzuri sana kwa kutengeneza mapigo yenyewe kupitia poti ya printa.

Kati ya 30 na 50: inawezekana, ila kasi ya juu itakuwa ndogo, hasa ukigawa hatua mara nyingi au skrubu ikiwa na hatua fupi.

Inapofika 100: usitumie poti ya printa. Ruka hadi sehemu ya kadi ya Mesa hapa chini.

Zaidi ya 1,000, yaani milisekunde moja: tafuta kompyuta nyingine.

Sura ya tatizo nayo inasema chanzo. Mchelewo unaoruka kila baada ya muda uleule, mzigo uwepo au usiwepo, karibu kila mara unatoka BIOS. Rudi uzime kilichobaki au sasisha BIOS yenyewe. Mchelewo unaokuja ukiburuta dirisha unatoka kwenye video. Unaokuja ukinakili faili unatoka kwenye diski au mtandao. Jaribu kuhamisha kebo ya diski kwenye poti nyingine ya SATA na uzime Wi-Fi. Badilisha kitu kimoja, pima, andika namba, ndipo ubadilishe kingine.

Hesabu ya vipindi na kasi

Tuseme usiku umepita na Max Jitter imesimama kwenye nanosekunde 18,000. DM542 inataka pigo lisilopungua maikrosekunde 2.5, tumia 5 ili pawe na nafasi. LinuxCNC ina mbinu ya kuwasha pini na kuizima ndani ya kipindi kimoja, kwa hiyo kipindi kidogo kabisa ni mchelewo, jumlisha urefu wa pigo, jumlisha pumziko baada yake:

18,000 + 5,000 + 5,000 = 28,000

Weka 30,000. Kila kipindi kinaweza kutoa pigo moja, hivyo dari yako ni mapigo 33,300 kwa sekunde.

Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ikigawa kila hatua mara 8 unapata mapigo 1,600 kwa mzunguko. Gawanya kwa mm 5 za skrubu: mapigo 320 kwa milimita. Dari ya kasi basi ni 33,300 ÷ 320, takriban mm 104 kwa sekunde, sawa na mm 6,250 kwa dakika. Huo ni mwendo wa mizunguko 1,250 kwa dakika, na NEMA 23 kwenye volti 36 imebaki na nguvu kidogo sana huko. Anza na mm 50 kwa sekunde.

Angalia kinachotokea ukipandisha mgawanyo hadi 32 kwa tamaa ya usahihi: mapigo 1,280 kwa milimita, na dari inashuka hadi mm 26 kwa sekunde. Usahihi haukuongezeka kwa kiasi hicho, kwa sababu kwenye mzigo rota haitulii hasa kwenye kila kipande kidogo cha hatua. Nane au kumi inatosha kwa skrubu ya namna hii.

Endesha stepconf, programu ya kuandaa mipangilio ya LinuxCNC, jaza namba hizi, na itakutengenezea mafaili. Ndani ya faili la INI hakikisha unaona:

[EMCMOT]
BASE_PERIOD = 30000
SERVO_PERIOD = 1000000

[JOINT_0]
SCALE = 320
MAX_VELOCITY = 50
MAX_ACCELERATION = 300
STEPGEN_MAXACCEL = 375
FERROR = 1
MIN_FERROR = 0.25

STEPGEN_MAXACCEL lazima iizidi MAX_ACCELERATION. Tumeacha nafasi ya robo. Zikilingana, kitengeneza mapigo hakina uwezo wa kufidia makosa madogo ya muda, na utapata ujumbe wa "joint 0 following error" bila sababu inayoonekana.

Waya

Pini 2 hadi 9 ni za kutoa, pamoja na 1, 14, 16 na 17. Pini 10, 11, 12, 13 na 15 ni za kuingiza. Pini 18 hadi 25 ni ardhi. Mpangilio wa kawaida: 2 na 3 kwa X, pigo na mwelekeo, 4 na 5 kwa Y, 6 na 7 kwa Z.

Poti nyingi za printa hutoa volti 3.3, na ingizo la DM542 limetengenezewa volti 5. Itafanya kazi leo na kesho itaruka mapigo. Weka kati yake chipu ya 74HCT541 inayolishwa volti 5. Aina ya HCT inaelewa volti 3.3 kama moja. Bodi za bei rahisi zenye viungo vya mwanga (optokapla) vya taratibu kwenye kila pini ni mtego: pigo la maikrosekunde 5 linaingia likiwa na kingo kali na kutoka limevimba au limepotea kabisa. Viungo hivyo vinafaa kwa swichi za kikomo, ambazo hazina haraka.

Waya wa mota uwe na kinga ya wavu, na wavu uunganishwe na ardhi upande mmoja tu, wa kabati. Uweke mbali na waya wa swichi, hasa kama spindo (mota inayozungusha kisu) inaendeshwa na inverta, kifaa cha kudhibiti kasi yake.

Kuna jambo la usalama ambalo halijadiliwi. Kompyuta inapowaka, pini za poti ya printa huweza kukaa juu kwa sekunde kadhaa kabla LinuxCNC haijafunguka. Relei ya spindo iliyofungwa moja kwa moja kwenye pini itawaka yenyewe. Tumia charge pump: LinuxCNC inatoa wimbi la mraba kwenye pini 17, na bodi inaruhusu matokeo pale tu wimbi linapocheza. Programu ikiganda, wimbi linakoma na kila kitu kinazimika. Stepconf ina chaguo hilo kwenye orodha ya pini.

Kitufe cha dharura kikate umeme wa draiva na spindo kwa kontakta, kwa waya. Kompyuta ipewe taarifa tu kupitia ingizo, isipewe jukumu la kuzima.

Mpangilio ndani ya HAL

HAL ni sehemu ya LinuxCNC inayounganisha pini na hesabu. Stepconf huandika faili lake, lakini ukilielewa utajua pa kutazama. Uzi wa haraka unafanya hivi, kwa mpangilio huu huu:

addf parport.0.read base-thread
addf stepgen.make-pulses base-thread
addf parport.0.write base-thread
addf parport.0.reset base-thread
setp parport.0.reset-time 5000

Na uzi wa taratibu:

addf stepgen.capture-position servo-thread
addf motion-command-handler servo-thread
addf motion-controller servo-thread
addf stepgen.update-freq servo-thread

Kusoma, kukokotoa, kuandika. Ukiweka kuandika kabla ya kukokotoa, kila amri inafika ikiwa imechelewa kipindi kizima. Usirundike vitu kwenye base-thread: kila unachoongeza hapo kinafanyika mara elfu 33 kwa sekunde. Taa, pampu na relei zikae servo-thread.

Jaribio la kupoteza hatua

LinuxCNC kwenye poti ya printa haioni mota. Inachokihesabu ni mapigo iliyotoa. Skrini inaweza kuonyesha X 0.000 huku meza iko pengine. Kwa hiyo unahitaji geji ya saa, kipimo chenye mshale na duara, inayosoma mm 0.01.

Ifunge geji igusane na meza kwenye X0, ukifika hapo kutoka upande wa X kubwa. Weka duara la geji kwenye sifuri, kisha endesha:

G21 G90 G61
o100 repeat [200]
G0 X150
G0 X0
o100 endrepeat
M2

Hakikisha meza ikienda X150 inaiacha geji, haiisukumi. Mwisho wa zamu 200, soma. Kosa lenyewe litakuambia ugonjwa:

Kosa ni mm 0.1, 0.2, 0.3, yaani vipande kamili vya 0.1. Mota imekwama na kushika tena. Ikipoteza mshiko, rota hurukia kwa vipande vya hatua nne kamili, ambazo kwa mgawanyo wetu ni mapigo 32, na 32 ÷ 320 ni mm 0.1. Punguza mchapuko (MAX_ACCELERATION) hadi 200 na urudie. Likitoweka, mota haikuwa na nguvu. Lisipotoweka, punguza kasi. Lisipotoweka hata hapo na linakuja bila mpango, pima mchelewo upya.

Kosa linakua polepole kuelekea upande mmoja, kiasi cha mm 0.003 kwa kila zamu. Baada ya zamu 200 limekuwa zaidi ya nusu milimita. Hilo ni pigo moja linalopotea kila zamu, mwelekeo unapobadilika. DM542 inataka waya wa mwelekeo utulie maikrosekunde 5 kabla ya pigo. Ongeza dirsetup na dirhold (muda wa waya wa mwelekeo kutulia kabla na baada ya pigo) hadi nanosekunde 20,000. Kama bado, ukingo wa pigo umegeuzwa: draiva inasoma kwenye kushuka badala ya kupanda, wakati uleule mwelekeo unapobadilika. Geuza pini ya pigo kwenye stepconf na urudie.

Geji inarudi sifuri hapo, lakini ukifika X0 kutoka upande wa pili inasoma tofauti, na tofauti haikui. Huo ni ulegevu wa nati au beringi za skrubu. Kerneli haihusiki, kamata spana.

Baada ya hapo ndipo urekebishe kipimo. Agiza mm 100, pima ulichopata, kisha SCALE mpya ni 320 × 100 ÷ ulichopata. Kwa mkanda wa meno, 99.6 ni jambo la kawaida na SCALE itakuwa 321.29. Kwa skrubu ya gololi, kosa la ukubwa huo linatia shaka; kagua skrubu za kopla kabla hujaficha tatizo kwa hesabu.

Ukiona "Unexpected realtime delay on task 0", kumbuka ujumbe huo hutokea mara moja tu kwa kila ufunguzi wa programu. Kutoonekana tena hakuna maana kwamba tatizo limeisha. Fungua Halshow na uangalie servo-thread.tmax, inayohifadhi muda mrefu kuliko wote ambao uzi umewahi kutumia.

Mchelewo ukikataa kushuka: kadi ya Mesa

Kadi kama 7I96S hutengeneza mapigo ndani ya FPGA yake, chipu iliyopangwa kwa kazi hiyo. Kompyuta inaipa kasi inayotakiwa mara moja kila milisekunde kupitia kebo ya mtandao, na yenyewe inapanga mapigo. Base-thread inatoweka, na mchelewo wa maikrosekunde 100 hauna madhara. Hata Raspberry Pi 4 au 5 inatosha. Ukiwa na bajeti, anzia hapa na poti ya printa uisahau.

Kadi iunganishwe moja kwa moja kwenye poti yake ya mtandao, bila swichi katikati. Weka jampa ya anwani 10.10.10.10, na kwenye /etc/network/interfaces:

auto enp2s0
iface enp2s0 inet static
  address 10.10.10.1
  netmask 255.255.255.0
  hardware-irq-coalesce-rx-usecs 0

Mstari wa mwisho unaizuia kadi ya Intel kukusanya pakiti kabla ya kuziwasilisha. Pima:

sudo chrt 99 ping -i .001 -q 10.10.10.10

Iache dakika kumi, Ctrl-C, usome namba ya max. Inatakiwa ikae chini sana ya milisekunde moja. Ikigusa nusu, tafuta sababu kabla ya kufunga mota. Kadi za Realtek husumbua zaidi kuliko za Intel. Ujumbe wa "error finishing read" maana yake pakiti haikurudi kwa wakati. Kadi ina mlinzi wake: isiposikia kitu kwa milisekunde 5, inazima matokeo yote.

Kufunga mlango

Mashine ikishapita jaribio la geji, zuia kerneli isibadilike:

sudo apt-mark hold linux-image-rt-amd64 linuxcnc-uspace

Zima kilinda skrini na kujilaza. Ondoa Wi-Fi; kazi ziletwe kwa flashi mashine ikiwa imesimama. Nakili folda ya linuxcnc/configs kwenye flashi ya pili, na ndani yake weka karatasi yenye Max Jitter ya usiku ule, BASE_PERIOD uliyochagua, na swichi za draiva zilivyokaa.